Alama Bila Maelezo: Rai kwa Wahadhiri wa Kiswahili Kutoka Rapsu

Likizo ya Desemba iliyopita ilinikuta nyumbani Rapsu, katika wadi ya Kinna, Kaunti ya Isiolo. Najua wasomaji wengi wa jarida hili hawajawahi kufika huko. Ukitoka Nairobi utapitia Meru, upande hadi Maua, kisha uteremke kuelekea nyanda za joto zinazopakana na Mbuga ya Taifa ya Meru. Ukiisha kuipita Kinna ndipo ukaribiapo kwetu. Wenyeji ni Waborana, wafugaji tangu jadi, ingawa maji ya mifereji yamewafanya baadhi yetu kuwa wakulima pia. Basi nilikuwa nimekaa kando ya mfereji jioni moja, nikingoja zamu yetu ya maji, mpwa wangu aliponijia na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mpwa wangu huyu ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Shahada ya Ualimu katika chuo kikuu kimoja cha umma ambacho sitakitaja. Anasomea Kiswahili na Dini ya Kiislamu. Karatasi ile ilikuwa insha yake ya muhula, kurasa sita, swali likiwa: Jadili dhima ya methali katika jamii. Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, kulikuwa na tarakimu mbili: 43. Niligeuza ukurasa wa pili, wa tatu, hadi wa sita. Palikuwa na alama za vema chache pembezoni na mstari mrefu uliokata nusu ya ukurasa wa nne. Hapakuwa na neno lolote, hata moja.

“Mjomba,” akasema, “wewe unafundisha chuo kikuu. Niambie nimekosea wapi.”

Niliisoma insha ile kwa muda wa robo saa, na kwa hakika niliona mengi. Niliona kwamba ukurasa wa nne uliokatwa ndio uliokuwa bora kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo alipoziacha methali za vitabuni akaleta methali za Kiborana kuhusu maji na ng'ombe, akazilinganisha na za Kiswahili. Niliona kwamba hakuwa amejadili chochote, bali alikuwa ameorodhesha hoja kumi, kila hoja aya moja, kama alivyozoeshwa na mtihani wa kidato cha nne. Na niliona sentensi kama hii: “Methali hii inatumika na wazee kuonya vijana ambaye wanachezea maji ile ya mfereji.” Makosa ya namna hiyo yalijirudia mara ishirini na tatu. Niliyahesabu.

Nilimweleza. Alisikiliza kwa makini, akaandika mambo mawili matatu nyuma ya karatasi, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya: “Na wewe, mjomba, wanafunzi wako huwaandikia nini?”

Sikuwa na jibu la kumpa mtoto. Muhula uliokuwa umetangulia nilikuwa nimesahihisha karatasi zaidi ya mia tatu kwa namna ile ile: vema, mkato, tarakimu. Nilizisahihisha usiku, nyingine ndani ya matatu, nikaziwasilisha idarani siku ya mwisho. Sikumbuki kama niliandika sentensi kamili katika karatasi hata kumi. Kwa hiyo ndugu msomaji asidhani kuwa naandika haya nikiwa juu ya mnara nikiwatazama wahadhiri wenzangu waliopotoka. Naandika kama mmoja wao.

Dai langu ni hili: alama isiyoandamana na maelezo, na isiyompa mwanafunzi nafasi ya kuandika tena, haijamfundisha lolote, na kwa hiyo haifai kuitwa tathmini. Ni hesabu ya kumpanga mwanafunzi katika foleni. Foleni zina kazi yake, sikatai. Hata hivyo, mpwa wangu amepita. Alama ya kupita katika vyuo vikuu vyetu vingi ni 40, naye ana 43. Akiendelea kupita hivyo kwa miaka miwili zaidi atahitimu, atasajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, na yamkini atarudi kufundisha mahali kama Rapsu, ambako wanafunzi wake hawatakuwa na mtu mwingine wa kujifunza Kiswahili sanifu kwake. Atawafundisha “maji ile”. Na wale nao watakuja kwetu.

Tuanze na kosa lenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoteza wino bure. Mtoto wa Rapsu huzungumza Kiborana nyumbani, husoma Kurani kwa Kiarabu katika duksi, kisha hukutana na Kiswahili na Kiingereza shuleni takriban wakati mmoja. Kiborana, kama lahaja nyingine za Kioromo, hutenga nomino za kiume na za kike, na aghalabu kitenzi huja mwishoni mwa sentensi baada ya yambwa. Hakina ngeli kwa maana tuijuayo sisi, wala hakina viambishi vya upatanisho vinavyobadilika kutoka kundi moja la nomino hadi jingine kama ilivyo katika lugha za Kibantu. Mtoto huyu anaposema “maji ile” hakosei kwa uzembe. Amechukua umbo moja analolijua akalitumia kila mahali. Makosa ishirini na matatu ya mpwa wangu kwa kweli yalikuwa kosa moja. (Nisieleweke kuwa natafuta kisingizio cha Kiborana. Wanafunzi wangu wengi wa Nairobi, waliokulia katika Kiswahili cha mitaani, nao husema “maji hii” bila haya, na kosa lao lina chanzo tofauti na dawa tofauti.)

Mhadhiri anayepigia mstari makosa yote ishirini na matatu humrudishia mwanafunzi karatasi inayovuja damu, naye mwanafunzi hujifunza jambo moja tu, kwamba yeye hajui Kiswahili. Mhadhiri asiyepigia mstari hata moja humwacha alipokuwa. Nimejaribu njia ya kati, nayo imenifaa. Nachagua aina mbili tu za kosa katika kila karatasi, zile zinazojirudia zaidi. Kila aina naipigia mstari mara mbili za kwanza, kisha naandika mwishoni: “Kosa hili limo mara nyingi zaidi katika kurasa zinazofuata. Litafute mwenyewe ulisahihishe, kisha niletee.” Kazi ya kutafuta namwachia mwanafunzi, maana ndiye anayehitaji kujifunza kuliona. Makosa mengine yote nayaacha kwa makusudi hadi zamu nyingine. Jambo hili lilinitatiza mwanzoni, kwa kuwa sisi watu wa sarufi huona aibu kulipita kosa bila kuligusa, kana kwamba tukilinyamazia tumelibariki.

Je, hiyo 43 yenyewe ilikuwa sahihi? Nilifunika ile tarakimu nikajaribu kuipa insha alama kwa haki kadiri ya uwezo wangu, nikaona 56. Niliporudi chuoni nilimpa mwenzangu nakala isiyo na jina wala alama, naye akaipa 49. Watahini watatu, alama tatu, na kati yake kuna tofauti ya kupita kwa shida na kupita kwa heshima. Jambo hili si geni. Mwaka 1912 nchini Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott waliwapelekea walimu wa Kiingereza nakala za karatasi mbili za wanafunzi wazisahihishe. Walimu 142 walirejesha alama zao. Karatasi moja ilipewa kati ya 64 na 98, na ya pili kati ya 50 na 97, zote kwa mia. Zaidi ya karne moja imepita, na sisi bado tunasahihisha kila mtu peke yake chumbani mwake, kila mtu na mizani yake kichwani.

Dawa yake haihitaji fedha. Kabla ya kuanza kusahihisha rundo, wahadhiri wanaofundisha kozi moja wachukue karatasi kumi, kila mmoja azipe alama kivyake, kisha waketi pamoja wakiwa na kikombe cha chai waulizane: wewe umeona nini hapa ambacho mimi sikukiona? Saa moja na nusu inatosha. Pia, ni heri kusahihisha swali kwa swali kuliko karatasi kwa karatasi. Maliza swali la kwanza la wanafunzi wote, changanya rundo, ndipo uingie la pili. Ukimaliza karatasi nzima ya mwanafunzi mmoja, uzuri wa jibu lake la kwanza utakupofusha usione udhaifu wa jibu la tatu, na kinyume chake. Na majina yafunikwe. Katika nchi yetu jina humtangaza mtu kabila lake kabla hajafungua kinywa, na mhadhiri aliyekwisha kusoma jina la Kiborana, la Kituruka au la Kigiriama ameanza kutarajia makosa fulani kabla ya kuyaona. Nambari ya usajili inatosha.

Turejee kwa lile swali: Jadili dhima ya methali katika jamii. Ni swali la aina gani hili? Kwa maoni yangu, ni swali linaloomba orodha huku likijifanya linaomba mjadala. Wanafunzi wetu hutujia kutoka katika mtihani wa kitaifa ambamo wamezoezwa kutoa hoja, kuifafanua, kuitolea mfano, kisha kuhesabiwa alama kwa kila hoja. Mazoea hayo ndiyo yaliyowafikisha chuoni, na hatuwezi kuwalaumu kwa kuyashikilia. Tunachoweza kulaumiwa sisi ni kwamba tunaandika “jadili” tukitarajia hoja zipingane na kupimwa, kisha tunasahihisha kwa kuhesabu hoja kumi za alama mbili mbili. Mwanafunzi si mjinga. Anasoma kile tunacholipia, si kile tunachosema. Mpwa wangu alipothubutu kwenda nje ya orodha akaleta methali za kwao, mstari mwekundu ulimfundisha asirudie.

Hapa naomba nitoe mfano wa swali nililolibadilisha mwenyewe. Kwa miaka minne katika kozi ya mofolojia nilikuwa nikiuliza: “Fafanua ngeli za nomino za Kiswahili kwa kutoa mifano.” Jibu lake limo katika kila kitabu cha kiada, limo katika simu ya kila mwanafunzi, na, nasikitika kukiri, limo katika maelezo yangu yaliyogeuka manjano. Sasa hutoa sentensi kumi zilizotungwa kwa kufuata makosa ya kawaida ya watoto wa shule za msingi, na swali ni hili: “Eleza ni kanuni gani mtoto huyu anaifuata, mahali gani kanuni yake inatofautiana na ya Kiswahili sanifu, na wewe kama mwalimu utaanza kumsaidia wapi, na kwa nini hapo.” Hakuna kitabu chenye jibu. Mwanafunzi aliyekariri ngeli zote bila kuzielewa hukwama. Mwanafunzi wa Rapsu, kinyume chake, ghafla ana jambo la kusema ambalo mwenzake wa pwani hana, kwa sababu kanuni ya mtoto yule aliwahi kuifuata mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa kutumia swali hili alama za darasa zilishuka, na nililalamikiwa. Mwaka wa pili niliwaonyesha maswali matatu ya namna hiyo darasani kabla ya mtihani, tukayajibu pamoja ubaoni, na malalamiko yakapungua. Kosa la mwaka wa kwanza lilikuwa langu: nilikuwa nimebadilisha mtihani bila kubadilisha ufundishaji. Msomi wa elimu wa Australia, John Biggs, aliliandika jambo hili mwaka 1996, kwamba malengo ya kozi, shughuli za darasani na mtihani sharti vielekee upande mmoja. Mimi nililijifunza kwa kulalamikiwa.

Katika vyuo vikuu vyetu vingi majaribio ya muhula hubeba alama 30, na mtihani wa mwisho 70. Zile 70 hazimo mikononi mwetu: zina bodi, mtahini wa nje na ratiba. Lakini zile 30 ni zetu, na ndizo tunazozitumia vibaya kuliko zote. Tunatoa jaribio moja wiki ya tisa na jingine wiki ya kumi na mbili, tunazirudisha baada ya mtihani wa mwisho, au hatuzirudishi kabisa. Mkulima wa Rapsu anayefungulia shamba maji mara moja tu, siku ya kuvuna, angechekwa na watoto. Rai yangu ni kwamba alama hizi 30 zigawanywe hivi: insha moja tu, lakini iandikwe mara mbili. Rasimu ya kwanza ije wiki ya nne na irudishwe wiki ya sita ikiwa na maelezo bila alama. Rasimu ya pili ije wiki ya tisa, na hiyo ndiyo ipewe alama.

Kwa nini bila alama? Mwaka 1988, mtafiti Ruth Butler alichapisha uchunguzi alioufanya miongoni mwa wanafunzi wa shule nchini Israeli. Kundi moja lilipewa alama pekee, jingine maelezo pekee, na la tatu alama pamoja na maelezo. Ungedhani kundi la tatu ndilo lingefaidika zaidi, kwa kuwa limepata vyote viwili. Haikuwa hivyo. Waliopewa maelezo pekee ndio walioimarika. Wale wa tatu walifanana na waliopewa alama tupu. Naam, wale walikuwa watoto wa shule, nasi tunafundisha watu wazima. Lakini nani kati yetu hajamwona mwanafunzi wa chuo akipokea karatasi, akatazama tarakimu, akaikunja na kuitia mfukoni bila kusoma mstari mmoja? Nimemwona mara nyingi, na zamani alikuwa mimi.

Najua jibu linalonisubiri: “Wewe una wanafunzi wangapi?” Swali ni la haki. Madarasa ya ualimu yamefurika tangu vyuo vyetu vilipopanua milango. Wahadhiri wengi ni wa muda, hulipwa kwa kozi, na wengine hungoja malipo hayo kwa mihula. Kumwambia mtu wa namna hiyo aandike aya tatu katika kila karatasi ni dhihaka. Kwa hiyo nitasema ninachokifanya mimi, si ninachokitamani. Rasimu za kwanza zikiwa mia tatu sizisomi zote kwa kina. Ninazisoma thelathini, nilizozichagua bila kuangalia majina. Kutokana na hizo naandika ukurasa mmoja wa kuwasomea wote: makosa manne ya sarufi yaliyotapakaa, kasoro mbili za hoja, na aya mbili nzuri nilizozikuta, kwa idhini ya wenyewe. Kisha nawapa saa nzima darasani, kila mwanafunzi akiwa na rasimu yake na ya jirani yake, wazipitie kwa kutumia ukurasa ule. Saa ile kuna kelele nyingi, na mkuu wa idara alipopita mlangoni siku moja alidhani sikuwapo. Lakini kelele zile ni za watu wanaobishana kuhusu ngeli ya neno “makala”, na katika miaka yangu ya uhadhiri sijawahi kusikia muziki mtamu kama huo.

Kuna jambo jingine lililotukuta tusipolitarajia. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 programu za akili unde zinaweza kumwandikia mwanafunzi insha nzima kwa Kiswahili kinachopendeza machoni, chenye upatanisho sahihi na kisicho na mtu ndani yake. Baadhi ya wenzetu wameamua kuwinda wezi. Mimi naona uwindaji huo utatuchosha na kutudhalilisha, na utawaumiza wasio na hatia. Ni bora rasimu ya kwanza iandikwe darasani kwa mkono, na ya pili ifuatwe na mazungumzo ya dakika tatu: “Hapa ulibadilisha hoja yako. Kwa nini?” Aliyeandika mwenyewe atajibu hata kama anagugumiza. Na mazungumzo hayo yanafaa kwa sababu nyingine pia. Sisi ni idara ya lugha, tunatoa walimu ambao kazi yao itakuwa kusema mbele ya watu, na bado mwanafunzi anaweza kuhitimu bila kupimwa hata siku moja jinsi anavyozungumza.

Siwezi kumaliza bila kuyagusa mazoezi ya kufundisha, kwa sababu huko ndiko mhadhiri huja kwetu badala ya sisi kwenda kwake. Nilipokuwa mwanafunzi niliomba kufanyia mazoezi karibu na nyumbani. Mtahini wa kwanza aliyetumwa kunikagua alifika saa tano, akiwa na shule nyingine mbili za kufikia kabla ya jua kutua. Aliketi nyuma kwa dakika kumi, akajaza fomu ndani ya gari huku dereva amewasha injini, akaniaga kwa kunipungia mkono. Sikujua nilipata ngapi, wala kwa nini. Wa pili alikuja wiki tatu baadaye. Aliketi kipindi chote cha dakika arobaini. Kisha akaomba kuona daftari la maandalio, akaniita chini ya mgunga, akaniuliza: “Yule msichana wa dawati la mwisho aliuliza swali kwa Kiborana, nawe ukamjibu kwa Kiswahili. Alielewa?” Sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata kidogo. Tuliongea kwa karibu saa nzima juu ya msichana mmoja na swali moja. Nimesahau kozi nyingi nilizosoma chuoni, lakini mazungumzo yale sijayasahau.

Wahadhiri wa idara zinazotuma wanafunzi mbali, nawasihi haya: kaeni kipindi kizima, zungumzeni kabla ya kujaza fomu, na mwachieni mwanafunzi nakala ya mlichokiandika. Kama posho na mafuta vinatosha ziara mbili tu, ni heri ziara moja ya kweli kuliko mbili za kupunga mkono. Na shule za mbali zisiachwe mwisho wa ratiba, wakati mtahini amekwisha kuchoka na fedha zimekwisha kupungua.

Kuhusu alama zinazopotea nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila msomaji wa jarida hili ana kisa chake. Alama moja iliyopotea humgharimu mwanafunzi wa mjini nauli ya matatu. Humgharimu mwanafunzi wa Rapsu safari ya siku nzima au mbili, malazi, na pengine mbuzi aliyeuzwa kabla ya wakati wake. Wakati mwingine humgharimu mwaka mzima wa kuhitimu. Mhadhiri aweke nakala yake mwenyewe ya kila alama, katika daftari na katika kompyuta, na aibandike orodha ya majaribio kabla ya mtihani wa mwisho ili aliyekosekana aseme mapema. Hakuna nadharia ya ufundishaji inayohitajika hapo.

Kizazi kijacho hakitatuvumilia kama kilivyotuvumilia hiki. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na wanatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Kwa miaka yote tangu shule ya msingi wamezoezwa, angalau kwenye karatasi za mtaala, kupimwa kwa kazi walizofanya kwa muda na kuambiwa wamefikia wapi. Watakapopewa 43 tupu, watauliza mlangoni mwa ofisi, na hawatauliza kwa upole wa mpwa wangu.

Muhula wa Januari nilijaribu haya niliyoyaeleza. Sikufaulu yote. Niliahidi kurudisha rasimu baada ya wiki mbili, nikazirudisha baada ya wiki tatu na siku nne. Wanafunzi wapatao arobaini hawakuleta rasimu ya kwanza kabisa, kwa hoja kwamba haina alama, nami bado sijui la kuwafanya hao bila kuirudisha ile tarakimu mlango wa nyuma. Mwenzetu yeyote aliyepata njia na aiandike katika toleo lijalo.

Mpwa wangu naye aliiandika upya insha yake, ingawa hakuna mhadhiri atakayeisoma wala alama itakayobadilika. Aliniletea picha za kurasa zake kwa simu mwezi wa Machi. Hoja kumi zimekuwa tatu, methali za Kiborana zimehamia mwanzo, na sasa kweli anajadili. Nilimwandikia maelezo ya mistari sita nikamrudishia. “Maji ile” bado imo, mara mbili, katika ukurasa wa tano. Sikumwambia ni mstari upi.